Kuchagua lenzi ndefu ya sinema: Mkono kwanza, nambari baadaye

MPIGA picha za video harusini aghalabu hutengewa nafasi kando ya ukuta, mita kumi au zaidi kutoka madhabahuni, na huonywa mapema asithubutu kusogea karibu ibada inapoendelea. Pete inapotolewa, huwa na sekunde chache tu. Iwapo lenzi yake hujitafutia shabaha yenyewe, huenda ikalinasa shada la maua lililo katikati, ikaliacha, ikalirejelea, na inapofika kwenye kidole cha bibi harusi, pete imekwisha kuvishwa. Sauti yenye kelele yaweza kusafishwa baadaye, na rangi iliyofifia yaweza kufufuliwa kwenye kompyuta. Picha iliyokosa fokasi haina tiba, na bibi harusi havishwi pete mara mbili.

Ni kweli kwamba kamera za miaka ya hivi karibuni hufuata uso wa mtu zenyewe kwa ustadi ambao haukutarajiwa mwaka wa 2008, wakati Canon EOS 5D Mark II ilipowafungulia wapiga picha wa kawaida mlango wa video yenye mwonekano wa sinema. Hata hivyo, lenzi ndefu ya sinema ambayo fokasi na mwanga wake huwekwa kwa kuzungusha pete kwa mkono ingali na nafasi yake, hasa pale ambapo mwenye kamera ndiye anayejua kitakachofuata wala si mashine. Tatizo ni kwamba mara nyingi huchaguliwa jinsi simu ichaguliwavyo, yaani kwa kutazama nambari zilizochapishwa kwenye sanduku. Kinachostahili kutangulia ni umbali ambao mpiga picha atasimama, na mkono utakaoizungusha ile pete.

Umbali ndio rahisi kuufafanua. Kwenye kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ambayo ni sawa na filamu ya kamera za zamani, lenzi ya milimita 50 huona pembe ya takriban digrii 40 kutoka kushoto hadi kulia. Ya milimita 85 huona digrii 24, ya milimita 135 huona 15, na ya milimita 200 huona 10 hivi. Lenzi huanza kuitwa ndefu karibu na hiyo milimita 85.

Pembe hizo hazina maana kubwa mpaka zigeuzwe kuwa mita. Mtu anayesimama mita 10 kutoka madhabahuni akiwa na lenzi ya milimita 135 kwenye sensa hiyo ataona eneo lenye upana wa mita 2.7 na kimo cha mita 1.5. Bwana na bibi harusi wataonekana wote wawili, kuanzia magotini kwenda juu. Lenzi iyo hiyo ikitiwa kwenye kamera ya Super 35, ambayo sensa yake ina upana wa takriban milimita 24, upana wa eneo hupungua hadi mita 1.8 na kimo hadi mita moja, yaani kuanzia kiunoni. Kwenye kamera ya Micro Four Thirds hubaki mita 1.3 kwa upana, na kimo kisichofika sentimita 75. Hapo pana nafasi ya uso na mabega, na hata mkono wenye pete ukiinuliwa kifuani. Ndiyo maana ushauri wa kununua milimita fulani bila kuulizia kamera ya mnunuzi hauna thamani.

Isitoshe, watu huikosea lenzi ndefu kwa kudhani kwamba kazi yake ni kuvuta vitu karibu tu. Inapowekwa mbali na mtu, vilivyo nyuma yake huonekana vikubwa na kana kwamba vimemsogelea. Hali hiyo hutokana na umbali wenyewe. Lenzi hukata tu kipande cha kile ambacho umbali umekwisha kukipanga. Waelekezi wa filamu wamelitumia jambo hilo kwa makusudi. Katika filamu Lawrence of Arabia ya mwaka wa 1962, mwelekezi David Lean na mpiga picha wake Freddie Young walitumia lenzi ya Panavision ya milimita 482 jangwani Jordan kumwonyesha Omar Sharif akitokeza kwenye mazigazi, kwanza kama doa linalotetemeka, kisha mtu juu ya ngamia. Miaka mitano baadaye, katika The Graduate, Mike Nichols alimfanya Dustin Hoffman akimbie kuelekea kamera yenye lenzi ndefu mno, na kijana huyo akaonekana kama anakimbia papo hapo bila kufika. Akira Kurosawa naye alikuwa ametangulia nchini Japani, kwa kupiga mapigano ya Seven Samurai (1954) kwa kamera kadhaa kutoka mbali.

Kwa anayenunua lenzi moja ndefu kwa mahojiano, harusi, tamasha na tamthilia fupi, milimita 135 ni chaguo lenye busara. Milimita 85 ni nzuri ndani ya chumba kidogo lakini hulemewa ukumbini, na milimita 200 humtaka mpiga picha arudi nyuma mpaka atoke mlangoni. Zaidi ya hayo, milimita 135 ni kipimo ambacho watengenezaji wengi wamekishindania. Samyang ya Korea Kusini, ambayo baadhi ya lenzi zake huuzwa kwa jina la Rokinon, ilitoa lenzi ya picha za kawaida ya milimita 135 f/2 mwaka wa 2015, na vioo vivyo hivyo vikatumika katika toleo la sinema lenye alama ya T2.2. Sigma ina yake ya T2, Canon ina CN-E ya T2.2, na Zeiss ina CP.3 ya T2.1. Bei zao zimeachana mno, kiasi kwamba mtu aweza kununua ya Samyang kadhaa kwa gharama ya moja ya Zeiss, ilhali tofauti ya nambari za mwanga ni ndogo kuliko inavyoweza kutambuliwa kwa macho.

Basi fedha zote hizo hulipiwa nini? Sehemu kubwa hulipiwa kilicho nje ya kioo.

Pete ya fokasi

Lenzi nyingi za kisasa za kamera zisizo na kioo cha ndani zina pete isiyoshikamana na chochote. Mtu anapoizungusha, humpelekea mota ujumbe wa umeme, na mota ndiyo husogeza vioo. Kwa kawaida pete ya namna hiyo ikizungushwa haraka husogeza fokasi mbali, na ikizungushwa polepole, mzunguko ule ule huisogeza kidogo. Kwa hiyo haiwezekani kuitia alama. Mpiga picha hawezi kubandika kipande cha utepe na kuandika kwamba hapa ni uso wa bwana harusi na hapa ni uso wa kasisi, kwa sababu baada ya mizunguko miwili alama hizo zitakuwa zimesema uongo.

Lenzi halisi ya sinema ina pete iliyofungwa kwenye skrubu ya ndani, yenye mwanzo na mwisho unaogota. Mita tatu leo ni mita tatu kesho. Lililobaki ni kuuliza pete huzunguka kwa kiasi gani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Lenzi ya kawaida ya picha aghalabu hufanya kazi yote hiyo kwa robo ya mzunguko. Sigma za sinema huzunguka digrii 180, nazo Canon CN-E na Zeiss CP.3 huzunguka digrii 300.

Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kujitazama mwenyewe kabla ya kutazama kabati la muuzaji. Mzunguko wa digrii 300 ni wa fahari, lakini ulikusudiwa kikundi chenye msaidizi ambaye kazi yake ni fokasi peke yake, mwenye gurudumu lake kando ya kamera na alama zake alizopima kwa futi. Mtu anayefanya kazi pekee, mkono mmoja kwenye mpini wa tripodi na mwingine kwenye lenzi, atalazimika kuuinua mkono na kushika upya katikati ya picha, na mtikisiko wake utaonekana. Huyo anafaa zaidi kutafuta mzunguko wa digrii 180 hivi, hata kama mwenye duka atamwambia kwamba ule mwingine ndio wa wataalamu. Ya digrii 90, kwa upande mwingine, ni fupi mno: mkono ukikosea kwa upana wa ukucha, fokasi huwa imehama kutoka jichoni hadi sikioni.

Hilo si jambo la kutia chumvi. Milimita 135 ikifunguliwa hadi f/2 kwenye sensa ya milimita 36, mtu akiwa mita 3 kutoka kwenye kamera, kina cha sehemu inayoonekana wazi ni takriban sentimita 6. Akiwa mita 5, ni sentimita 16. Pua na masikio ya mtu mmoja hayatoshei vyema katika sentimita 6, sembuse watu wawili wanaokumbatiana. Tundu la lenzi likipunguzwa hadi f/5.6, kina katika mita 5 huongezeka na kukaribia nusu mita, na kazi huwezekana. Kwa sababu hiyo, lenzi yenye f/2 isinunuliwe kwa matumaini ya kupiga harusi nzima katika f/2.

Pete za lenzi za sinema pia zimechongwa meno ya kipimo cha 0.8, ambacho ni cha kawaida katika tasnia nzima, ili gurudumu au mota ya fokasi idake bila kuteleza. Zinapokuwa katika seti, kama ilivyo kwa CP.3 na Sigma, meno hukaa mahali pamoja na sehemu ya mbele huwa na kipenyo kimoja, milimita 95 kwa zote mbili, ili vifaa visipangwe upya kila lenzi inapobadilishwa. Anayenunua lenzi moja tu hana haja ya kulipia fadhila hiyo ya pili. Meno, anayo.

Jambo jingine ni lile ambalo watu wa sinema huliita kupumua kwa lenzi. Fokasi inapohamishwa kutoka kwa msemaji aliye karibu hadi kwa msikilizaji aliye nyuma, lenzi iliyotengenezewa picha za kawaida huweza kulivuta au kulisukuma eneo zima linaloonekana, na mtazamaji akahisi kwamba kamera imejongea ilhali haikuguswa. Katika picha tuli kasoro hiyo haionekani. Katika video huonekana hata na asiyejua jina lake.

Mwanga

Herufi T iliyo kwenye lenzi za sinema huwatatiza wengi. Kipimo cha f ni hesabu tu: urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu kama linavyoonekana kutoka mbele. Milimita 135 ikigawanywa kwa 2 ni milimita 67.5, na ndiyo maana lenzi hizi zina kioo kikubwa mbele na huhitaji filta ya milimita 77, kama ile ya Samyang. Lakini kila kioo hula nuru kidogo. Lenzi ya f/2 inayopitisha asilimia 80 ya nuru huangaza sensa kama ile isiyopoteza chochote yenye f/2.2, na kiwango hicho halisi ndicho kinachoandikwa T2.2. Faida yake huonekana mahojiano yanapopigwa kwa lenzi mbili: zote zikiwekwa T4, uso wa mhojiwa huwa na mwangaza uleule. Kwa mwenye lenzi moja, T na f zina tofauti ndogo mno kuwa sababu ya kulipa zaidi.

Pete ya tundu la sinema pia haina vituo vinavyogutuka. Huteleza, kwa hiyo mtu akitoka kivulini na kuingia juani mwanga hurekebishwa bila picha kuruka.

Jua lenyewe ni suala. Umeme wa Kenya una mapigo 50 kwa sekunde, na kanuni ya kawaida ni kupiga picha 25 kwa sekunde huku shata ikiwa sehemu moja kwa 50 ya sekunde, ili taa zisipepese. Katika jua kali la adhuhuri, kwa ISO 100, kasi hiyo hudai tundu la takriban f/22. Anayetaka kufungua lenzi yake hadi f/2 lazima azuie nuru kwa hatua saba, yaani aruhusu sehemu moja tu kati ya 128. Kamera ambayo kipimo chake cha msingi ni ISO 800 huhitaji hatua kumi, sehemu moja kati ya elfu moja hivi. Filta za kijivu zinazofanya kazi hiyo zimeandikwa 2.1 na 3.0. Bei yake ihesabiwe pamoja na lenzi tangu siku ya kwanza, tena isiwe filta ya bei ya chini, kwani lenzi ndefu hukuza kasoro ya kioo kibovu kilicho mbele yake kuliko lenzi pana inavyofanya.

Kiungo cha lenzi na kamera

Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya uso wa kiungo na sensa. Kiungo cha PL cha sinema ni milimita 52. Nikon F ni 46.5, Canon EF ni 44, Canon RF na L ni 20, Sony E ni 18, na Nikon Z ni 16. Kanuni ni kwamba lenzi iliyotengenezewa umbali mrefu huweza kufungwa kwenye kamera ya umbali mfupi kwa adapta inayojaza pengo. Kinyume chake hakiwezekani bila kuongeza vioo. Lenzi ya EF hukaa kwenye kamera ya Sony E kwa adapta ya milimita 26. Lenzi ya Sony E haitawahi kufaa kwenye kamera ya EF.

Kwa kuwa lenzi isiyo na mota wala kompyuta haipotezi chochote ikifungwa kwa adapta, ni heri kuinunua ikiwa na kiungo cha EF au PL hata kama kamera ya leo ni Sony. Kamera hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lenzi ya chuma na kioo huweza kumfuata mwenyewe kwa miongo. Tahadhari ni kwamba adapta nyingi za bei nafuu hufanywa fupi kidogo kwa makusudi ili fokasi ya mbali ipatikane kwa vyovyote, na matokeo yake ni kwamba mita zilizochongwa kwenye pete haziwiani tena na mita za chini.

Kuhusu lenzi kuukuu, zipo zinazostahili heshima. Tair-11A ya Kisovieti, milimita 135 f/2.8, ina mapezi 20 katika tundu lake, na taa zilizo nyuma ya mtu hubaki duara kamili hata tundu likipunguzwa. Jupiter-37A ya f/3.5 ni nyepesi na ya bei ya chini. Zote mbili zina pete ya pili ya tundu inayoteleza bila kugutuka, jambo ambalo watengenezaji wa leo hulitoza ada. Nikkor za zamani ni imara sana, ila pete zake huzunguka upande ulio kinyume na wa lenzi za sinema, na mkono uliozoea upande mmoja hukosea siku ya siku. Lenzi kuukuu iliyokaa pwani imulikwe kwa tochi kutoka nyuma kabla ya bei kutajwa: unyevu huotesha kuvu kati ya vioo, nyuzi nyeupe zinazofanana na utando wa buibui, na kuvu ikishakula rangi ya kioo haiondoki hata ikipanguswa.

Tripodi si anasa katika kazi hii. Kamera ikiyumba digrii moja, lenzi ya milimita 50 huisogeza picha kwa sehemu moja kati ya 40 ya upana wake. Ya milimita 135 huisogeza kwa sehemu moja kati ya 15. Kamera zenye uwezo wa kutuliza sensa husaidia, mradi mwenyewe aiambie kamera kwamba lenzi ni ya milimita 135, kwani lenzi isiyo na umeme haiwezi kujitambulisha. Kwenye tripodi, afadhali uwezo huo uzimwe, la sivyo picha husita kila kamera inapogeuzwa polepole.

Wanaowazia Maasai Mara wajue pia kwamba milimita 135 ni fupi kwa wanyama. Simba aliye mita 30 kutoka garini hubaki katika eneo lenye upana wa mita 8. Watu wa filamu za wanyama hutumia mitambo kama Canon ya milimita 50 hadi 1000 yenye uzani wa kilo 6.6, ambayo kwa wengi ni ya kukodi tu. Wala hakuna lenzi inayoshinda hewa ya adhuhuri inayochemka juu ya nyasi. Kwa Lean mtetemeko huo ulikuwa hazina. Kwa anayetaka manyoya ya simba yaonekane, kazi ni ya alfajiri.

Kukodi ni busara hata kwa lenzi ya harusi. Siku moja yatosha kwa jaribio lifuatalo, na laweza kufanywa hata mlangoni mwa duka. Kamera ifungwe kwenye tripodi, watu wawili wasimame mita 3 na mita 5 zilizopimwa kwa futi ya utepe kutoka kwenye alama ya duara lenye mstari iliyo juu ya kamera, ambayo ndiyo mahali pa sensa. Tundu lifunguliwe kabisa. Fokasi ipatikane kwa mtu wa kwanza huku picha ikiwa imekuzwa kwenye skrini, utepe ubandikwe na alama itiwe, kisha vivyo hivyo kwa mtu wa pili. Baada ya hapo pete ihamishwe kutoka alama moja hadi nyingine mara kumi bila kutazama skrini, kwanza polepole, halafu upesi. Rekodi itazamwe kwenye televisheni kubwa, si kwenye kioo kidogo cha kamera. Kama macho ya wote wawili yanaonekana wazi mara zote kumi, na pete haikulegea wala mkono kulazimika kushika upya njiani, bei yaweza kuanza kuzungumzwa.